Mwacheni mtoto na paka wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na wenye nyumba wa hapa Tanga. Mimi ni bibi, fundi cherehani, nakaa Ngamiani. Wiki iliyopita jirani yangu alitia watoto watatu wa paka kwenye kiroba, akamtuma mwanawe wa miaka sita akawatupe jalalani. Mtoto alirudi na kiroba kitupu, hasemi na mtu. Ndipo nikashika kalamu.

Miaka miwili iliyopita binti yangu alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, akaniachia mwanawe wa miaka saba. Mtoto hakulia. Afadhali angelia. Alinyamaza tu. Chakula anakula nusu, na usiku akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Mama yake akipiga simu Ijumaa, nikimpa azungumze naye, ni "shikamoo mama," "nzuri," "ndiyo," kisha anairudisha simu kwangu. Binti yangu kule analia, mimi huku sina la kumwambia.

Masika yakaingia. Paka mmoja wa madoa, asiye na mwenyewe, akaja kuzaa ndani ya kapu langu la vipande vya vitambaa. Wanne. Nikainama niwatoe. Mjukuu wangu akasimama mbele ya kapu: "Bibi, bado hawajafumbua macho." Mwezi mzima hakuwa amenitamkia maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Nikaliacha kapu.

Toka siku hiyo akawa na kazi. Kila jioni kabla ya Maghribi anakwenda kwa muuza samaki pale kona kuomba vichwa. Anavichemsha kwenye kisufuria kikuukuu, anachambua miiba kwa vidole, halafu anachuchumaa na kupuliza mpaka vipoe. Kupuliza sikumfundisha. Ndivyo nilivyokuwa nikimpulizia uji yeye alipokuwa mdogo.

Ijumaa moja simu ikalia, akaiwahi yeye. Akaielekeza kwenye kapu: "Mama, tazama, huyu ndiye Kipande. Jana amepanda pazia akashindwa kushuka!" Waliongea mpaka bando likaisha. Sisi wakubwa tulikuwa tukimwuliza habari zake yeye, na hizo ndizo zilizokuwa zikimwuma. Paka alimpa jambo la kusimulia lisilouma, na mengine yakafuata nyuma yake. Sisemi paka ni dawa. Godoro lilichukua miezi kukauka, na mwalimu wake wa darasa naye alitusaidia sana.

Mmoja wa wale wanne alikufa. Akamfunga kwa kipande cha kanga, akamzika chini ya mlimau. Ustadhi wa madrasa aliposikia, akawasimulia watoto habari ya Abu Umayr, kijana mdogo aliyefiwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) alipomwona ana huzuni akamwuliza, "Ewe Abu Umayr, amefanya nini Nughayr?" Mjukuu wangu alirudi mbio: "Bibi, Mtume alimwuliza mtoto habari za ndege wake!" Usiku ule, kwa mara ya kwanza, akaniuliza mama yake atarudi lini.

Wanaopinga nawasikia. Kwa mtoto mwenye pumu sibishani, asikilizwe daktari. Mjamzito asisafishe mavi ya paka, kuna kimelea kinachoweza kumdhuru aliye tumboni. Na kichaa cha mbwa humpata paka pia. Kwa hiyo tulimbeba Kipande ndani ya kapu lile lile hadi kwa daktari wa mifugo, akachanjwa, akapewa dawa ya minyoo. Mtoto ananawa kwa sabuni kila akitoka kumshika. Tena anajua kuliko wakubwa wengi kwamba ukiumwa au ukikwaruzwa na mnyama, unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ndipo unakimbilia hospitali, hata kama kidonda ni kidogo.

Mwaka jana mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga alinipa mwezi mmoja: paka atoke au nihame. Nilihama. Kwa umri wangu huu, cherehani juu ya mkokoteni, mtoto amekumbatia kapu, mlimau na kaburi lake tukaviacha nyuma. Wenye nyumba, tuwekeeni masharti ya usafi, tutayafuata. Msituambie tumfukuze mnyama aliyemrudishia mtoto sauti yake.

Na halmashauri nawaomba jambo moja. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na mwaka mwingine inaangukia katikati ya wiki. Siku za chanjo ya wanyama ziwekwe Jumamosi. Watoto wakiwa shuleni, hakuna wa kumshika paka.

Yule mtoto wa jirani siku hizi anakuja kwangu kila jioni. Hajanieleza aliwaacha wapi wale watatu, nami simwulizi. Jana mjukuu wangu alimsogezea kisufuria, akamwambia apulize.

Bibi mshonaji,
Ngamiani, Tanga