Kabla hujanunua shokomzoba mpya za Peugeot yako ya zamani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu alituletea Peugeot 504 yake hapa gereji kwetu Tororo. Kwenye buti alikuwa na shokomzoba mbili mpya, bado zimo ndani ya maboksi. "Nifungieni hizi vijana, gari linagonga mbele." Tukamwuliza, mzee, hizi zilizomo zina muda gani? Miezi saba. Na zilizozitangulia? Hata mwaka hazikumaliza.

Tukamkaribisha chai, tukainua gari. Shokomzoba zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni bushi, zile pete za raba zinazounganisha mikono ya chini (vyuma vinavyoshika magurudumu) na gari, kushoto na kulia: raba imechanika na kuachana na chuma, mkono unacheza, na kila gurudumu likiingia shimoni unasikia kong! Ajabu ni kwamba bushi zenyewe zilikuwa mpya pia. Fundi aliyetutangulia alizibadilisha siku ile ile alipofunga shokomzoba.

Kosa lilikuwa kwenye kukaza bolti, na kosa hili tunaliona kila wiki. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Ganda lake la nje limebanwa kwenye mkono, la ndani linashikwa na bolti, na raba iliyo katikati ndiyo inayojisokota gurudumu linapopanda na kushuka. Sasa fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, raba inashikwa katika mkao huo wa kuning'inia. Jeki ikishuka, mkono unapanda na raba imeshasokoteka kabla gari halijatoka getini. Ongeza mashimo ya njiani, inasokotwa kupita uwezo wake mpaka inachanika. Dawa yake haina gharama: bolti zipachikwe bila kukazwa, gari lishushwe likanyage chini, litikiswe mara mbili tatu likae, halafu ndipo zikazwe mpaka mwisho. Gereji isiyo na shimo la kuingilia chini inaweza kupandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene ili spana ifike. Mwambie fundi wako hivyo, na usione haya kusimama pale ukitazama.

Adui mwingine wa raba anauzwa pale unapooshea gari. Kupuliziwa dizeli au oili chafu chini ya gari ili lisishike kutu kunapendeza macho siku ya kwanza, lakini raba nyingi za magari haya ya zamani hulainika na kuvimba zikilowa mafuta. Mwambie kijana akuoshee kwa maji na sabuni, basi.

Grisi ni habari tofauti, kwa sababu inahusu chuma kwa chuma. Volkswagen Beetle ina nipeli, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, kwenye zile bomba mbili za mbele zilizobeba torsheni baa (vyuma vinavyojisokota badala ya springi), na zile za zamani zenye kingpini, pini ambayo gurudumu hugeukia, kabla ya boli jointi (kiungo cha tufe) kuingia kwenye modeli za 1966, zina nipeli nyingine magurudumuni. Morris Minor, ambayo bado tunaipokea moja moja, haisameheki hata kidogo. Nguzo ya gurudumu lake inashika kwa nyuzi kama za skrubu. Nyuzi zikikosa grisi zinalika kimya kimya, na siku moja ukiwa unakata kona polepole kuegesha, gurudumu linalala chini ya gari. Kwenye barabara zetu za murramu tunapaka kila kilomita 1,500, na zaidi wakati wa mvua. Gurudumu liinuliwe kwanza ili uzito uondoke na grisi ipenye upande uliokuwa umebanwa, kisha sukuma mpaka ile nyeusi ya zamani itoke yote na uone mpya. Pampu mbili za haraka haziondoi mchanga. Land Rover za Series zina utaratibu wake: ule mpira mkubwa wa chuma nyuma ya gurudumu la mbele uliundwa kutumia oili ya gia, kwa hiyo sili inayozuia oili ikivuja, badilisha sili, usijaze grisi.

Ukitaka kujikagua mwenyewe kabla ya kuja, inua gurudumu moja la mbele, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki kwa nguvu, utikise tena. Mchezo ukiisha, shaka iko kwenye beringi ya gurudumu. Ukibaki, angalia boli jointi au kingpini. Mchezo wa kushoto kwenda kulia mara nyingi ni tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Ila kwenye Mercedes W123 springi imekaa juu ya mkono wa chini, kwa hiyo jeki iwekwe chini ya mkono huo, la sivyo springi inaibana jointi na utadhani ni nzima. Anza na gurudumu la kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, na ukingo wa lami ndio unaoliwa na maji kwanza, basi gurudumu hilo ndilo linalokula mashimo.

Kuna kazi tunazikataa, hata mteja akinuna. Hatuchomelei boli jointi iliyolegea. Hatupashi springi moto, wala hatupachiki vipande vya raba kati ya mizunguko yake ili gari lisimame juu. Pembe za magurudumu zinavurugika na matairi yanalika upande. Bushi ya kingpini iliyochongwa kwa shaba na fundi mzuri wa mashine, hiyo tunaifunga bila wasiwasi.

Wapo wanaotuambia, "Hii ni Peugeot, hii ilishinda Safari Rally." Kweli, 404 ilishinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Lakini zile zilikuwa na mafundi wakizisubiri njiani na spana mkononi. Yako inasubiri wewe ukumbuke.

Ukaguzi wa mbele unachukua kama saa moja, nawe tunakuita chini ya gari uone kwa macho yako. Wanaokwenda kijijini Desemba waje Novemba, maana baadhi ya bushi tunaziagiza Nairobi na hazifiki siku moja. Na ile kuukuu usiitupe, hata kama imeoza. Iwe soko la Kisekka kule Kampala au Nairobi, kitu cha kwanza muuzaji atakachokuuliza ni sampuli.