Nazi na Mnazi: Barua kwa Mwanangu Anayesoma Kifaransa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi. Kaskazi imeanza kuvuma na wageni wameanza kushuka gatini.

Juzi kwenye simu ulinisomea daftari lako: kofia, kisu, kesho, mlango, nanasi... maneno 200 ya Kifaransa, na mwalimu akikuuliza linakujia moja. Sikushangaa. Umeyamwaga kama dagaa uteoni. Mamako hakukisoma darasani, lakini miaka 11 katika jiko la Wafaransa pale Shela imenionyesha kwamba maneno yao yana koo na jamaa, kama yetu.

Anza na miti. Hakuna aliyekukalisha kukufundisha kwamba embe lina mwembe, ndimu ina mdimu, tende ina mtende. Ukilijua tunda, ile m- ya mbele inakupa mti. Wao alama yao huitia mkiani: mangue, manguier, citron, citronnier, datte, dattier, goyave, goyavier, na komamanga, grenade, mti wake grenadier. Hiyo -ier itamke "ye", r usiiguse kabisa. Mpapai huandikwa papayer, ila mlio wa mwisho ni uleule. Na miti hiyo yote ni ya kiume hata tunda likiwa la kike: la mangue, le manguier.

Sasa kuna jambo lilinichekesha siku nzima nikikuna nazi. Sisi kwenye ndizi tunapotea njia: mti wake twauita mgomba. Wao hawapotei, banane ni bananier. Lakini njoo kwenye zabibu: sisi tuna mzabibu, safi kabisa, wao tunda ni raisin na mti ni vigne, hata havijuani! Basi nikajiambia kila lugha ina mgomba wake, nikaacha kuwaonea haya.

Ukoo mwingine ni -eau. Herufi nne zile za wingi, eaux, au tatu za umoja, sikio linasikia o tu. Mashua, bateau, ni "bato". Kisu, couteau, "kuto". Kofia, chapeau, "shapo". Ndege wa angani, oiseau, anatamkwa "wazo", kama wazo letu la kichwani. Hilo hutalisahau.

Herufi s ndiyo iliyoniaibisha. Mwaka wangu wa kwanza niliingia barazani na sinia la kaimati, nikatangaza kwa fahari kwamba nimewaletea désert. Mzee mmoja akanyanyuka, akachungulia dirishani kule kwenye vilima vya mchanga, akaniuliza kama twende sote au nitawaletea pale pale walipo. Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe s moja ikikaa katikati ya irabu hulia z, na hilo ni jangwa. Zikiwa mbili, dessert, ndipo inakuwa s na watu wanapata kitu kitamu cha kumalizia chakula. Vivyo hivyo coussin ni takia na cousin ni binamu. Na poisson, samaki, ukiikosea ikawa poison, umewaandalia wageni sumu. Kwa mpishi hilo ni la kufukuzwa kazi.

Yanayoishia -tion sikuchoshi nayo, Kiingereza cha shule kimeshakupa: réservation, information, direction. Badili mlio tu, uwe "syon", na hiyo n ipite puani bila ulimi kugusa juu. Karibu yote ni ya kike.

Ile u yao nyembamba itakusumbua zaidi. Sema i, ulimi uuache hapo hapo, kisha kusanya midomo kama unayepuliza makaa. Ukisema u ya kwetu, rue, mtaa, inageuka roue, gurudumu, na mgeni anayeuliza njia atakushangaa.

Nunua daftari jingine. Kila ukurasa uupe ukoo mmoja, na usome kwa sauti. Unaolala nao chumba kimoja wakicheka, wape nao ukurasa.

Visheti na achari ya maembe vimeondoka leo kwa basi la Mokowe. Kavipokee kesho asubuhi kabla hujaenda darasani, na kopo la achari unirudishie, ni la nyanyako.

Wakatabahu,
Mamako