Barua kwa mwanangu: kwa nini tulimfunga babu yako taya

Pangani

Mwanangu mpendwa,

Waalaikumsalaam. Barua yako nimeipata, nawe umeuliza mawili kuhusu msiba wa babu yako, Mungu amrehemu: kwa nini alifungwa kitambaa kidevuni, na kwa nini hatukukungoja.

Moyo unaposimama, mwili haufi wote kwa mara moja. Chembe za ubongo, zisizostahimili kukosa oksijeni, huanza kufa baada ya dakika chache, ilhali za ngozi huwa hai kwa saa kadhaa. Misuli hulegea kwanza, mdomo ukaachama na macho yakabaki nusu wazi. Kisha, kwa kuwa msuli huhitaji nishati hata ili ulegee, na nishati hiyo haitengenezwi tena, hukakamaa. Kukakamaa huko huonekana mapema kwenye kope, taya na shingo, huenea mwili mzima mnamo saa 12 hivi, na joto kama la kwetu huharakisha hali hiyo. Ndiyo maana ami yako alimfumba babu macho, akapitisha kitambaa chini ya kidevu hadi utosini, akamnyoosha viungo, kabla hata ya kutuma mtu msikitini. Ami yako hajui habari za chembe, anajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimfumba macho sahaba wake Abu Salama alipofariki. Mwalimu wako wa biolojia atakueleza kwa nini taya hukaza, lakini hatakuambia ni nani anayepaswa kulifunga.

Ama haraka ya kuzika, ni sunna, na bakteria wa matumbo, wanaoozesha mwili, nao hawangoji basi la kutoka shuleni. Tulimwosha sisi wanawe, maji ya mwisho yakitiwa kafuri, akavikwa sanda tatu, akalazwa katika mwanandani, shimo dogo la ndani ya kaburi, kuelekea kibla, zikapangwa mbao za viunza ili udongo usimwangukie. Nilitamani uwepo, lakini wazee waliamua azikwe baada ya alasiri, nami naona waliamua sawa.

Bibi yako yumo edani, kipindi cha mjane kukaa nyumbani, kwa miezi minne na siku kumi, kwa hiyo ukija likizo usitarajie kumkuta kituoni kama kawaida yake. Ingia kwake ndani kwanza, umpe mkono wa pole, ukae naye; akitaka kuzungumza juu ya marehemu, msikilize, wala usimkatize kwa maelezo haya niliyokuandikia.

Wako,
Baba