Kabla hujaagiza mzinga wa pili, nionyeshe kwanza maua

Simu za aina hii tunazipata kila mwaka kuanzia mwezi wa nane hivi. Mtu alinunua mizinga kwetu, nyuki wakaingia wenyewe bila shida, akafurahi mpaka akatutumia picha wasap, halafu siku moja anaenda kuangalia anakuta kimya, masega yamebaki makavu. Safari hii alikuwa mzee mmoja wa huku Singida vijijini, namsalimia shikamoo anajibu haraka haraka, "marahaba, ila mizinga yenu mibovu, nyuki wote wamekimbia."

Mzinga mzima kabisa mzee wangu. Hiyo ni njaa.

Nyuki wetu hawa hawana uvumilivu wa kukaa na njaa. Chakula kikikata au maji yakikauka malkia anapunguza kutaga, mwishowe anaacha, wafanyakazi wanashindilia asali iliyobaki matumboni na kundi zima linaondoka kwenda kutafuta penye maua. Kwa hiyo ukikuta masega yapo ila hayana asali wala watoto, na chini hakuna maiti za nyuki, ujue wamehama. Kama mzinga umeangushwa na kuvunjwa hapo muulize nyegere, na siafu nao wana kesi yao. Ila wale nondo wa nta usiwape lawama zote, mara nyingi wanaingia kundi likiwa limeshachoka.

Sasa tuje kwenye shamba lenyewe. Huku kwetu alizeti zipo za kumwaga, zikichanua mwezi wa tatu kila mtu anaona nyuki wana raha, lakini hiyo ni sherehe ya wiki chache tu. Mwezi wa sita umeshavuna, wa saba unafyeka pembezoni, unakusanya, unachoma, panabaki peupe kama uwanja wa mpira na wewe unajiona umefanya usafi, kumbe kile kishona nguo ulichong'oa ndo lilikuwa duka lao la mwisho. Na migunga, ambayo mingi inachanua kabla hata mvua haijaanza, nayo imeshaenda kwenye mkaa. Halafu unashangaa wamehama!

Ndo maana siku hizi mtu akija kuulizia mzinga wa pili tunamwambia subiri kidogo boss, tuje kwanza na daftari. Tunazunguka na wewe shambani na maeneo ya jirani, kilomita moja mbili hivi, maana huko ndo nyuki wanakozunguka sana, tunaandika mti gani na jani gani linachanua mwezi gani. Miezi itakayobaki wazi kwenye daftari ndo tunaipandia. Kuna wateja tumewaambia kabisa mizinga waliyonayo inatosha, na ndiyo biashara imelala siku hiyo, lakini afadhali hivyo kuliko ile simu ya mwezi wa nane.

Cha kupanda sio mambo makubwa. Kishona nguo hatukuuzii, acha tu ukanda wa hatua tatu nne pembeni ya shamba bila kufyeka, kinaota chenyewe (suruali itakuja imejaa miba, vumilia). Mrehani na kivumbasi panda karibu na bomba au pale yanapomwagwa maji ya kuoshea mboga, na usikate vichwa vyote kwa ajili ya chai, acha vichanue, nyuki wanavipenda mno. Mlonge tunao kwenye viriba, unastahimili ukame na ukipata maji kidogo hauchoki kutoa maua. Panda kwa mafungu, mrehani sehemu moja, alizeti sehemu moja, usichanganye mmoja mmoja, kwa sababu nyuki akitoka na ua la aina fulani kwa kawaida anakomaa na aina hiyo hiyo safari nzima.

Wengi wanatuomba bogonvilia kwa sababu inapendeza getini. Sawa tunazo, ila usidanganyike na ile rangi, yale ni majani tu, ua lenyewe ni kale kadogo cheupe katikati na nyuki hapati cha maana. Hata yale maua ya mapambo yaliyojazana petali mpaka katikati hapaonekani, mengi hayana chavua ya kutosha. Lantana hatuuzi kabisa, inasambaa hovyo na mifugo ikila inaumwa.

Wenye pasheni za njano nao wanalalamika maua mengi matunda hakuna. Hizo zinategemea sana wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao watu wanawaua wakidhani ni bunzi. Waachie gogo kavu pembeni basi. Na nyuki wengine wengi wanaishi kwenye mashimo ardhini, kwa hiyo sio kila kipande cha uwanja lazima umwage zege.

Maji weka kwenye beseni lenye mawe ndani wasizame. Dawa ya wadudu ukilazimika, piga jioni nyuki wakiwa wamerudi, na mazao yakiwa yamechanua kaa mbali nayo kabisa.

Ukaguzi wa daftari ni bure kwa aliyenunua mzinga kwetu, wengine mnachangia nauli ya bodaboda tu. Mbegu za mrehani na alizeti tunaanza kupima mwezi wa kumi na moja, njoo na mfuko wako. Yule mzee naye tunaenda kwake Jumamosi.