Mzazi anayeiuzia shule atoke nje kamati inapojadili bei yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulinong'ona wakishatoka kikaoni, lakini ndani ya kikao hulinyamazia. Ni habari ya mzazi aliyemo katika kamati ya kuchangisha fedha za shule, ambaye papo hapo ndiye mwenye duka, uchapaji au huduma ya chakula inayopewa kazi na kamati hiyohiyo.

Nilikuwa mhazini wa kamati ya namna hiyo kwa miaka mitatu, kwa hiyo siandiki kwa kusikia. Tulipoamua kuuza fulana ili tununue vitabu vya maktaba, mjumbe mwenzetu alisema ana biashara ya kuchapa nguo na kwamba angetufanyia bei nzuri. Tulimpigia makofi. Hakuna aliyeuliza bei hiyo ni nzuri ikilinganishwa na ya nani, na mimi niliyeshika daftari niliidhinisha malipo bila kuwa na bei ya mchapaji mwingine hata mmoja. Miezi michache baadaye mzazi mmoja aliniomba, kwa heshima kabisa, nimwonyeshe jinsi tulivyomchagua mchapaji, nikakosa karatasi ya kumwonyesha. Siamini kwamba mwenzetu alitudhulumu; naamini alidhani anatusaidia. Lakini sikuwa na cha kumtetea nacho, na maneno yaliyomwandama yeye na watoto wake pale shuleni yalikuwa makali kuliko alivyostahili.

Wapo watakaosema kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kwamba fedha za wazazi zikirudi kwa mzazi hakuna kilichopotea. Sipingi mzazi kuiuzia shule. Mara nyingi yeye huvumilia kulipwa baadaye, na akikosea anapatikana. Ninachokipinga ni mtu mmoja kueleza kinachohitajika, kutaja bei, kupiga kura, kisha kupokea malipo. Aseme mapema kwamba ana maslahi, kauli yake iandikwe katika kumbukumbu za kikao, atoke nje wakati wa mjadala na kura, na bei yake iwekwe mezani pamoja na za wauzaji wengine wawili wasio na uhusiano naye. Mume, mke, ndugu na mbia wake wahesabiwe vivyo hivyo, maana maslahi hayaondoki kwa kubadilisha jina lililo kwenye ankara. Na kwa vyovyote vile, asiwe miongoni mwa watia saini wa malipo hayo.

Linalohitaji macho makali zaidi ni tangazo la biashara kwamba "sehemu ya mapato itakwenda shuleni". Sehemu ya nini? Tuchukue bidhaa inayouzwa kwa 100, ambayo mwuzaji hupata faida ya 20. Akiahidi asilimia 10 ya mauzo, shule inapata 10. Akiahidi asilimia 10 ya faida, shule inapata 2, na mzazi aliyelipa 100 anarudi nyumbani akiamini ameichangia shule, ilhali 98 zimebaki kwa mwuzaji. Kwenye bango ahadi hizo mbili husomeka karibu sawa. Vilevile, mzazi akileta viti bila malipo, huo ni mchango na ashukuriwe hadharani. Akivikodisha kwa bei pungufu, hiyo ni biashara yenye punguzo, na iandikwe hivyo. Nimewahi kusoma taarifa ya fedha iliyowaweka wote wawili chini ya neno "wafadhili", na fedha iliyolipwa ikaonekana tu kwa aliyefunua ankara moja baada ya nyingine.

Linaloniuma kuliko yote ni watoto. Wanapokabidhiwa fomu za kuwauzia majirani bidhaa za mzazi wa mwenzao, wanakuwa wachuuzi wake bila ujira. Namba za simu ambazo wazazi walizitoa kwa ajili ya dharura nazo huanza kupokea matangazo ya biashara. Mzazi asiye na uwezo hukataa kwa hofu, akijua kwamba mwalimu wa darasa anaona ni mtoto yupi aliyerudisha fomu tupu.

Walimu wakuu hawahitaji kusubiri waraka wowote ili waanze. Kabla ya shughuli ijayo ya uchangishaji, kila mjumbe wa kamati ajaze fomu ya ukurasa mmoja inayotaja biashara zake na za jamaa zake wa karibu. Na shughuli ikiisha, taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ikionyesha kilichokusanywa, kilicholipwa, aliyelipwa na kilichobaki. Taarifa nilizoziandaa mimi kwa miaka mitatu zilikuwa na hayo yote, isipokuwa safu ya jina la aliyelipwa.

Wako,
Mzazi na mhazini wa zamani wa kamati ya shule