Piga picha ya mama sasa hivi, na uzime filta

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mpiga picha wa mtaani hapa Tanga, nina studio ndogo ya picha za pasipoti na kuprinti, naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo la picha za wazee wetu limenikaa moyoni muda mrefu.

Haipiti wiki mbili hajaja mtu macho mekundu, hajalala, ananipa simu anasema kaka nisaidie, mama katutoka jana usiku, tunazika saa kumi, tunataka picha kubwa ya kwenye fremu. Nafungua simu. Picha yenyewe imetoka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, ilipigwa kwenye harusi mwaka juzi, mama kasimama mstari wa nyuma kabisa, sura yake ndogo kama punje ya hindi, na aliyepiga alikuwa ameweka ile filta ya kulainisha ngozi kwa hiyo mama wa miaka sabini na kitu hana kunyanzi hata moja na amepauka kama mgonjwa. Nakata, nakuza, najaribu kuikaza, inatoka ukungu mtupu. Kuna dada mmoja aliishika ile printi akaitazama weee, halafu akasema taratibu, huyu siyo mama. Sikuwa na la kumjibu, maana kweli hakufanana.

Wengine wanadhani ni mashine yangu mbovu, ngoja nieleze hesabu yake. Picha ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi, yaani vile vidoti vidogo vinavyojenga picha. Mimi kuprinti A4 ikatoka safi nahitaji pikseli kama 2480 kwa 3508, ndio ile pikseli 300 kwa kila inchi. Sasa umeniletea sura moja iliyokatwa kwenye picha ya watu arobaini, hiyo sura ina pikseli mia moja ikizidi sana, nitaikuza mpaka wapi? Hata hizi programu za akili mnemba zinazosifiwa kwamba zinasafisha picha, kile ambacho kamera haikukiona zenyewe zinakibuni, unapewa macho ya mtu mwingine kabisa yanakuangalia ndani ya fremu ya mama yako. Kwa hiyo picha ya maana itume kama faili, kama dokumenti, ndio inafika ilivyo, au basi angalau bonyeza ile alama ya HD kabla hujatuma.

Lakini tatizo kubwa linaanza kwenye kupiga, na hapo naomba watu wajifunze vitu vichache tu, simu uliyonayo inatosha hata kama ni ya laki mbili. Kwanza futa lenzi jamani, kwa pindo la khanga au kitambaa laini, maana simu inashinda mfukoni na mkononi, mafuta ya vidole ndiyo yanafanya taa zote zinaonekana zimevuja. Halafu tafuta mwanga kabla hujatafuta pozi. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi, usimpige mtu mzima hapo. Mkalishe kibarazani au karibu na mlango ulio wazi, ageukie nje kidogo, asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, na taa ya ndani uzime kwa sababu ikichanganyika na mwanga wa nje shavu moja linakuwa la njano na la pili la bluu. Chini ya mwembe watu wanapapenda, mimi sipapendi sana, majani yanapitisha vidoa vya jua usoni na ngozi inavuta ukijani.

Usimsogelee na simu mpaka puani. Lenzi ya simu ni pana, ukiwa karibu inavimbisha pua na kurudisha masikio nyuma, rudi hatua mbili tatu, na kama simu yako ina ile 2x ya kuvuta picha karibu tumia hiyo. Simu iwe usawa wa macho yake.

Sasa kuna hili la ngozi yetu, hapa nataka nikae kidogo. Kamera haijui inapiga nini, inapima mwanga ikidhani kwamba vitu vyote ukivichanganya vinatoa kijivu cha katikati. Ukimsimamisha bibi mweusi mbele ya ukuta mweupe kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, bibi anakuwa kivuli. Wewe unaona picha nyeusi unakimbilia filta ya kung'arisha, na hapo ndipo tunapoanza kuharibu. Dawa yake ni ya sekunde mbili, gusa sura yake kwenye kioo, itatokea alama ya jua, ivute juu taratibu mpaka uone ngozi yake kama unavyoijua. Au badilisha tu ukuta, mlango wa mbao au ukuta wa udongo unampendeza mtu mweusi kuliko chokaa. Na siyo kwamba ngozi yetu ni ngumu kupiga, hapana. Zile picha nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio pale Mji Mkongwe Zanzibar, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ziangalieni, wazee wetu wametoka na sura zao. Filamu za rangi zilipokuja ndio mambo yakaharibika, Kodak walikuwa wanazipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, akitoka sawa yeye basi rangi iko sawa, na sisi ndio tukawa tunaenda kusafisha picha tunarudi na picha zinazoonyesha meno na macho tu. Leo mashine hiyo hiyo tumeiweka mfukoni, na simu nyingi kamera ya mbele inakuja na byuti, ile filta ya kulainisha na kung'arisha ngozi, imeshawashwa, mtu anapaushwa hata hajui. Ingia kwenye setingi uizime.

Kuediti siyo dhambi, mimi ndio kazi yangu. Lakini kuna kuediti na kuna kumbadilisha mtu. Programu ya simu ya kuediti inayoitwa Snapseed ni ya bure na inatosha kabisa, hata ile ya ndani ya galari inatosha. Mimi nanyoosha kwanza kama ukuta umelala, halafu nakata, ila naacha nafasi juu ya kichwa na pembeni kwa sababu picha italiwa na ukingo wa fremu, halafu napandisha kidogo sehemu za giza ili macho yaonekane, rangi naiangalia kwenye kitu ninachojua ni cheupe kama kanzu au kikombe, kikiwa cheupe basi na ngozi imekaa sawa. Hapo nasimama. Makunyanzi siyagusi, wala lile kovu la kwenye nyusi ambalo wajukuu wote wanalijua hadithi yake. Na ile picha ya mwanzo usiifute, hifadhi uliyoediti kama kopi.

Najua wazee wengi wanakataa, nimechakaa mwanangu, picha ya nini. Mama yangu alinikatalia karibu mwaka mzima. Siku moja nikamkuta kibarazani anachambua mchele, nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza kuhusu shamba la babu kule Muheza, akaanza kusimulia na mimi napiga huku namsikiliza, nikapiga kama thelathini. Ishirini na kitu hazifai, kafumba macho au ameinama. Moja ameinua uso anacheka, ungo mapajani, khanga yake ile ya siku zote. Nikaiprinti siku ileile maana simu zinaibiwa, nikamuonyesha, akauliza kwani mimi ndio nacheka hivi?

Ombi langu kwenu mhariri, mna waandishi na mna wapiga picha wazuri, tutengeeni hata robo ukurasa kila Jumamosi ya kufundisha haya kwa Kiswahili, leo mwanga, wiki ijayo kukata picha, wiki nyingine kuhifadhi, kwa mtu mwenye simu ya kawaida. Mkikosa wa kuandika niko tayari, sidai malipo. Na picha ya dada yule niliyemtaja, mwishowe tulipata kitambulisho cha zamani cha mama yake, sura imefifia na muhuri umepita shavuni, nikaiskani hivyohivyo, na ndiyo aliyoichagua.

Mpiga picha wa mtaani,
Tanga