Risala ya wanafunzi watafiti wa vifaa vya ujenzi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, mafundi waashi mlioacha kazi zenu kuja kutusikiliza, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya kikundi chetu, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako kumetutia nguvu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kikundi hiki kilizaliwa na swali la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza: tofali likiitwa rafiki wa mazingira, nani amelipima? Hakuna aliyekuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotukalisha maabara hadi leo.

Tulianza na saruji, kwa kuwa ndiyo iliyobeba ujenzi wa dunia. Mwaka 1824 mwashi wa Uingereza, Joseph Aspdin, alipata hataza ya saruji aliyoipa jina la Portland. Leo dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kila mwaka, na kazi hiyo hutoa asilimia 7 hadi 8 hivi ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Wengi wetu tulidhani lawama yote ni ya makaa ya mawe yanayowasha tanuri. Kemia ikatufundisha vingine. Mawe ya chokaa yakichomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi hadi karibu nyuzi joto 1450, jiwe lenyewe huachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake tangu enzi na enzi. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka humo, ndani ya jiwe. Hata tanuri lingewashwa kwa umeme wa jua, sehemu hiyo ingebaki palepale. Ndiyo maana tunaamini kazi kubwa ni kupunguza klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji.

Jambo hili si geni. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 hivi na lisilo na nondo hata moja, limesimama tangu karne ya 2. Katika zama zetu, watafiti wa Uswisi, Kuba na India wameshirikiana kutengeneza saruji ambayo hadi nusu ya klinka yake hubadilishwa kwa mfinyanzi uliochomwa na mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Mfinyanzi huo hauhitaji zaidi ya nyuzi joto 800 hivi, na kwa sababu hiyo mafuta pia huokolewa.

Sisi tulichagua jivu la maganda ya mpunga. Mpunga ukikobolewa, karibu moja ya tano ya uzito wake ni maganda. Maganda yakiungua, karibu moja ya tano hubaki jivu, na sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Silika hiyo hushikana na chokaa inayotolewa na saruji inapoganda, ikaongeza nguvu. Kwenye karatasi, kazi ilionekana imekwisha. Tukachoma rundo uwanjani, tukafyatua matofali, tukasubiri. Yalimeguka mikononi mwetu kama mkate mkavu. Tulikaa siku kadhaa bila hamu ya kufanya lolote, hadi mwalimu wetu alipotuamuru tulichunguze jivu badala ya kuyalilia matofali. Katikati ya rundo moto ulikuwa umezidi, silika ikageuka fuwele zisizoshikana na kitu; kandokando jivu lilikuwa jeusi, limejaa kaboni. Safari ya pili tulichomea ndani ya pipa lenye matundu, tukizuia joto lisivuke nyuzi 700. Jivu likatoka la kijivu cheupe, laini, na matofali yake yamelowekwa majini usiku na mchana bila kumeguka. Tumeyaweka pamoja na yale ya kwanza kwenye meza ya kulia, nasi tunaomba uyaone yote mawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Meza ya pili ina matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, aina iliyobuniwa Kolombia katika miaka ya 1950. Huchanganywa na saruji kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, kisha hufunikwa na kumwagiliwa. Hayaingii tanuri, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya kuyachoma. Lakini si kila udongo unafaa: mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka, mchanga ukizidi, halishikani. Msanifu majengo Francis Kéré alijenga shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo na saruji kidogo, akaiwekea paa pana lililoinuliwa ili mvua isipige kuta na hewa ya moto ipate pa kutokea. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Tunamtaja kwa sababu bado wako wanaouona udongo kuwa alama ya umaskini, na hilo hutuumiza.

Hatusemi saruji iachwe. Misingi kwenye maji, madaraja na nguzo za ghorofa zinaihitaji. Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu hukidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi yao. Kwetu sisi maana yake ni pamoja na nyumba kudumu. Nyumba ya udongo inayoanguka baada ya masika machache hujengwa mara mbili, na udongo wake haukuokoa kitu.

Changamoto yetu kuu ni vipimo. Mtambo wa kubana matofali ili kupima nguvu yake tunauazima, na hutufikia kwa siku chache tu, wakati matofali hayangoji. Tunaomba utusaidie tupate wa kwetu. Tunaomba pia utusemee kwa wanaoandika viwango vya ujenzi, ili mchanganyiko wa jivu na udongo ulioshindiliwa uwe na vipimo ambavyo fundi anaweza kuvifuata na mkaguzi kuvikubali. Na majaribio yaliyoshindwa yahifadhiwe na kusomwa na wote. Rundo letu la kwanza lisingeungua vile kama tungesoma kosa la waliotutangulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo mtambo upo, na tofali moja la mchanganyiko wa pili limetimiza asubuhi hii siku 28, umri ambao kwa kawaida nguvu ya vitu vya saruji hupimwa. Hatujalipima. Tumekuachia wewe uvute mkono wa mtambo, nasi tusome namba pamoja nawe, iwe yoyote itakayokuwa.

Tunaomba kuwasilisha. Karibu maabara.